Mkate Ulioliwa na Kunguru

Chumba namba nne, ghorofa ya chini, ndiko alikokaa Mukaddas. Mlangoni palibandikwa karatasi iliyosema kwa lugha tatu kwamba hapo ndipo pa msaada kwa wanafunzi wa kigeni, na kwa miaka kumi na moja kila mgeni wa chuo kile cha udaktari pale mjini Andijan alikuwa ameupitia mlango huo, apende asipende. Aliyepoteza pasipoti alikuja kwake. Aliyeumwa jino alikuja kwake. Aliyetaka kujua dengu na bizari zinauzwa soko gani alikuja kwake. Na yule ambaye hakuwa na shida yoyote, amemkumbuka mama yake tu, naye alikuja, akakaa kwenye kiti chenye mto wa buluu, akapewa chai, akanywa bila kusema kitu, akaenda zake darasani.

Alikuwa ameandika kijitabu pia, kurasa ishirini na nne, jalada la kijani. Ndani yake mlikuwa na namba ya gari la wagonjwa, zahanati yenye daktari anayesikia Kiingereza, namna ya kusajili laini ya simu, siku ya kufulia bwenini, na ukurasa mzima wa adabu. Vua viatu mlangoni. Mkate usiuguse kwa kisu, umege kwa mkono, wala usiuweke kifudifudi. Ukimiminiwa chai kidogo usidhani mwenye nyumba ni mchoyo. Anataka uombe tena, anataka ukae. Ukimiminiwa ikajaa, ujue unaagwa. Kijitabu kile Mukaddas alikipenda. Kila Septemba alikigawa mwenyewe kwa mkono.

Jumatano moja ya mwisho wa Oktoba, saa tatu asubuhi, alifika Anuja. Alikuwa Mnepali, mwaka wa pili, binti mdogo wa umbo mwenye miwani mikubwa na nywele zilizosukwa mkia mmoja. Mgongoni alibeba begi. Mkononi alishika ndoo ya plastiki iliyojaa vitabu, sufuria moja, na kandambili.

"Opa," alisema, yaani dada mkubwa, kama wanafunzi wote walivyomwita, "hola amenifukuza."

"Hola gani? Mashangazi mji huu ni wengi. Hosiyat hola?"

"Ndiyo."

"Hosiyat wa mtaa wa wafinyanzi? Yule aliyekupikia supu siku saba ulipougua mafua?"

"Huyo huyo."

Mukaddas akamtua ndoo, akamkalisha kwenye mto wa buluu. Macho yake yalikwenda kwenye kalenda ukutani kabla hata hajauliza zaidi. Kibali cha Anuja cha kukaa nchini kilikuwa kinakwisha Ijumaa. Kukiongeza si kazi ngumu, karatasi mbili na picha mbili, ila sharti mwenye nyumba anakolala mwanafunzi afike mwenyewe ofisi ya uhamiaji, aseme mbele ya afisa kwamba ndiyo, huyu anakaa kwangu, kisha atie saini. Bila hiyo saini hakuna kibali, na bila kibali binti angepewa siku chache za kufunga mizigo. Mwaka mzima wa masomo ungekwenda na maji.

"Umefanya nini?" aliuliza.

"Nimesafisha chumba."

"Mtu hafukuzwi kwa usafi, mwanangu. Mimi mabinti zangu ningewafukuza kwa uchafu."

Anuja hakucheka. "Kulikuwa na mfuko juu ya mlango. Mfuko wa kitambaa cheupe, umetundikwa kwenye msumari. Tangu nihamie Septemba nilidhani ni dawa ya wadudu. Jana nikaufungua. Ndani kuna mkate, mkavu kama kigae, na mtu ameshaung'ata."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Mukaddas. Aliiweka mezani taratibu.

"Ukaupeleka wapi?"

"Niliwapa kunguru."

Binti akaendelea haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kutapika. Kwao, alisema, jana ilikuwa siku ya kwanza ya sikukuu ya Tihar, nayo huchukua siku tano. Nyumba inasafishwa kila pembe maana mungu wa kike wa neema anaingia, naye haingii penye uchafu. Na chakula kilichokwisha kuguswa na mdomo wa mtu ni najisi, huwezi kukiweka chumba kimoja na taa za ibada, mama yake angeanguka chini akisikia. Kutupa jalalani vilevile si vizuri. Basi siku ya kwanza ni siku ya kunguru, kunguru hulishwa. Akaona mambo yote mawili yanakwenda pamoja. Akaumega mkate, akaulowesha maji kidogo, akauweka juu ya ukuta wa uani. Wakaja kunguru wanne wakaumaliza.

"Hola akatoka jikoni, akauona mfuko mtupu mkononi mwangu. Hakunipiga. Hakupiga hata kelele. Alikaa chini, opa. Chini, kwenye vigae. Leo asubuhi ndiyo akasema niondoke."

Mukaddas aliuelewa mkate ule kabla binti hajafika mwisho. Nani asingeuelewa? Mtoto wa Andijan akitoka kwao kwenda mbali, jeshini au kazini ughaibuni, mama humshikia mkate mzima mdomoni pale kizingitini, naye huung'ata mara moja. Uliobaki hutundikwa, usiguswe na mtu wala panya, umngojee mwenyewe arudi aumalize. Kaka yake Mukaddas alipokwenda jeshini mkate wake ulitundikwa jikoni miaka miwili, na yeye msichana mdogo alikuwa akipita chini yake akiinua macho kila mara, kuhakikisha upo. Elyor, mwana pekee wa Hosiyat, alikuwa Urusi akijenga nyumba za watu. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu. Chumba alichopangishwa Anuja ndicho kilichokuwa chake.

Akavuta kijitabu cha kijani, akafungua ukurasa wa adabu, akausoma wote mpaka chini. Viatu vilikuwepo. Kisu kilikuwepo. Mkate wa kung'atwa haukuwepo. Hakuwahi kuuandika kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuambiwa na mtu. Aliukuta, kama alivyolikuta jua.

"Hukuuliza?" alimwuliza Anuja, lakini kwa sauti ndogo.

"Niulize nini, opa? Mkate mkavu ni mkate mkavu."

Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Akampigia simu msimamizi wa bweni, Tohir aka, kaka Tohir kwa kila mtu.

"Kitanda kimoja, Tohir aka. Cha msichana."

"Mukaddas opa, mimi kitanda changu mwenyewe nimekigawa. Waje Februari."

"Ijumaa, si Februari."

"Basi alale juu ya jiko la mkaa, pana joto. Opa, wallahi sina. Na hata nikimbana mahali, siwezi kumwandikisha, orodha ilishafungwa."

Akapiga kwa wenye nyumba wengine watatu aliowaandika kwenye daftari lake. Mmoja alikuwa na harusi, mmoja alishapangisha, wa tatu alisema wageni hapana tena, wale wa mwaka jana walimpikia samaki mkavu kwenye chumba cha kulala.

Mchana huo akaenda mwenyewe mtaa wa wafinyanzi. Mlango wa mbao ulikuwa wazi. Uani, chini ya mzabibu uliokwisha kunyauka majani, Hosiyat alikuwa ameketi kwenye kitanda cha uani akichambua matufaha ya kupikia jemu, yaliyochubuka huku, mazima kule. Mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, kitambaa cha maua kimefungwa nyuma ya kisogo, mikono yake imeiva kwa tanuri.

"Umekuja kunipaka mafuta," alisema bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kukujulia hali, Hosiyat hola."

"Hali yangu unaijua. Karibu, keti. Mgeni haulizwi sababu."

Chai ikaletwa. Wakaulizana habari za watoto, za mgongo, za bei ya unga, kama inavyopasa. Kisha Mukaddas akaanza: binti hakujua, ni mtoto, ni mgeni.

"Nani amesema alijua? Angekuwa anajua ningemkamata nywele." Hosiyat alilikata tufaha bovu, akatupa nusu. "Mukaddas, wewe umezaa?"

"Wawili."

"Wako wapi?"

"Mmoja Tashkent, mmoja yuko nyumbani."

"Tashkent ni jirani. Mimi Elyor wangu hajapiga simu wiki ya tatu leo. Wiki tatu. Kila asubuhi nikiamka naingia chumbani kwake kwa kisingizio cha kufungua dirisha, naangalia juu ya mlango. Najiambia, mkate upo, basi na yeye yupo. Hata huyu binti akiwa amelala naingia kwa vidole. Sasa nikiingia niangalie nini? Msumari?"

Mukaddas akajaribu lingine. "Kosa ni langu, hola. Mimi ndiye niliyemleta kwako. Mimi ndiye ninayewafundisha adabu zetu. Sikumfundisha hii."

"Basi kosa ni lako. Na wewe nikufukuze?"

"Ni saini moja tu. Kuishi anaweza kuishi pengine, nitatafuta."

"Saini moja tu!" Hosiyat aliweka kisu chini. "Niende mbele ya serikali niseme huyu ni mtu wa nyumbani kwangu. Halafu si kweli. Mdomo wangu hauwezi."

Akachukua birika, akammiminia Mukaddas chai mpaka ikafika ukingoni, ikatetemeka, ikamwagika tone moja kwenye kitambaa. Mukaddas akainywa yote, akashukuru, akavaa viatu vyake.

Usiku ule Anuja alilala kwa Mukaddas, sebuleni, juu ya magodoro mawili yaliyopangwa. Asubuhi ya Alhamisi alikuwa ameshakunja kila kitu na kupiga deki jikoni kabla wenyewe hawajaamka. Mukaddas alipoiona sakafu inavyong'aa alitaka kucheka na alitaka kulia.

"Twende wote leo," Anuja alisema.

"Hataki kukuona."

"Najua. Lakini jana ulimwambia wewe. Mimi sijamwambia kitu. Mimi ndiye niliyewapa kunguru."

Njiani walipita penye matanuri, mikate ya asubuhi imepangwa mezani, myekundu, mizito, imepigwa chapa katikati. Anuja akasimama, akafungua pochi.

"Unafanya nini?"

"Namnunulia mwingine."

"Ukimpelekea mwingine leo atakupiga nao kichwani, na mimi nitamshikia kitambaa. Funga pochi."

"Kwa hiyo twende mikono mitupu?"

"Mikono mitupu haiendi nyumba ya mtu. Nunua sukari. Jemu linakula sukari."

Wakanunua kilo tatu.

Hosiyat aliwaona wakiingia na hakusema karibu, lakini hakusema tokeni. Jemu lilikuwa linachemka kwenye sufuria kubwa juu ya kuni, naye alilikoroga kwa mwiko mrefu. Anuja akaweka sukari kando ya jiko. Akasimama, mikono ameikutanisha mbele, akasema kwa Kiuzbeki chake cha kuokoteza, maneno mafupi mafupi:

"Hola. Mimi nilichukua. Mimi nilimega. Sikuuliza. Mdomo ninao, sikuuliza."

Mwiko uliendelea kuzunguka.

"Kunguru ni ndege wa matanga," Hosiyat alisema mwishowe, na hakumtazama. "Wa jalalani. Mkate wa mwanangu umekwenda kwenye tumbo la kunguru. Kwenu mnawalishia nini wale? Wazuri?"

"Si wazuri. Wanaleta habari mbaya."

"Sasa ndiyo unawapa chakula!"

"Ndiyo sababu, hola. Kunguru akilia juu ya paa, mtu wa nyumba ile amepatwa na jambo, mtu aliye mbali. Basi mara moja kwa mwaka tunamlisha, ashibe, asije kulia. Tunamwambia, kula, pita zako, usilete kitu kwenye nyumba hii."

Mwiko ulisimama. Jemu likaanza kuruka matone, na Mukaddas akajongea kupunguza kuni moja.

"Ulimwombea mama yako," Hosiyat alisema.

"Mama yangu amewalisha wa kwao. Kunguru wa Nepal hawafiki huku." Anuja alisukuma miwani yake juu. "Hawa ni wa hapa. Nyumba niliyosema ni hii. Na mtu wa mbali wa nyumba hii ni mmoja tu, mwenye picha sebuleni. Jina lake silijui vizuri, nilisema yule wa kwenye picha."

Hosiyat akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu juzi. Alimtazama muda mrefu, toka kwenye miwani mpaka kwenye soksi. Mukaddas alidhani ama atamkumbatia ama atamtupia mwiko. Hakufanya hata moja. Alifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake, akajifuta jasho la moto, au kile kilichofanana na jasho.

"Elyor," alisema. "Jina lake Elyor. Kaeni, mnanizibia mwanga."

Wakakaa. Hosiyat aliepua povu la juu akaliweka kwenye bakuli, akakoroga tena, na alipozungumza alikuwa anamwuliza Mukaddas, si binti.

"Nisipotia saini, wanamfanyaje?"

"Wanampa siku chache. Kisha anarudi kwao."

"Na shule?"

"Imekwisha. Labda aanze upya mwakani, kama baba yake ataweza."

"Na hizo siku chache analala wapi?"

"Kwangu."

"Wewe utapigwa faini."

"Nitapigwa."

Hosiyat aliguna. Kuni zikapasuka. Halafu akaanza kusimulia, polepole, kama anayechambua matufaha: mwezi wa kwanza Elyor alipofika Urusi hakuwa na mtu wa kumwandikisha. Alilala kwenye jengo lile lile alilokuwa akilijenga, ghorofa ya tano, bila madirisha, na akiona sare ya askari alikuwa anapitia mlango wa nyuma. Mama yake hakujua. Alikuja kujua mwaka wa pili, kwa bahati mbaya, kijana alipoteleza ulimi.

"Kikongwe mmoja wa Kirusi ndiye aliyemchukua. Anauza maziwa stesheni. Anaitwa Tamara, zaidi ya hapo simjui, hata picha yake sina. Alikwenda naye huko kwenye ofisi zao, akaandika, huyu anakaa kwangu. Elyor anasema bibi huyo hapendi anavyokaanga vitunguu, kila siku wanagombana, na siku moja alitupa kofia aliyotoka nayo nyumbani akidhani ni tambara." Alichochea kuni. "Elyor alinuna wiki nzima. Mimi nikamwambia kwenye simu, mwanangu, bibi hajui, usimnunie."

Mukaddas alikuwa na maneno mengi tayari ulimini, ya kumsukuma mtu aliyekwisha kuinama, akayameza. Miaka kumi na moja kwenye kile kiti ilikuwa imemfundisha walau hilo.

"Huko mwanangu anakofunzwa na maisha," Hosiyat aliuliza, "ofisi kama yako ipo?"

"Sijui, hola."

"Haipo. Ingekuwepo angelala kwenye ghorofa isiyo na madirisha?" Akalionja jemu kwenye ncha ya mwiko, akakunja uso. "Halijakolea. Leta hiyo sukari. Kesho saa mbili nitakuwa pale uhamiaji. Msinicheleweshe, nina unga wa kukanda. Na msidhani hasira zimekwisha. Ninazo."

Ijumaa walimkuta ameshatangulia, kavaa koti lake la kwendea harusini, mkoba wa ngozi kwapani na hati za nyumba ndani yake zimefungwa kwenye gazeti. Foleni ilikuwa ndefu. Wanafunzi wa Kihindi walikuwa wakitaniana, Mturuki mmoja alikuwa amelala wima. Hosiyat alipekua zile hati mara nne kuhakikisha zipo. Simu yake alikuwa ameishika mkononi muda wote, na mara mbili iliwaka, na mara mbili ilikuwa ni matangazo.

Afisa alikuwa kijana mwenye masharubu machanga. "Huyu ni mpangaji wako, aya?" aliuliza, kama mtu anavyomwita mama.

Hosiyat alifikiri.

"Anakaa kwangu," Hosiyat alisema.

"Tumwandike mwaka mzima?"

"Miezi sita."

Anuja akamgeukia Mukaddas. Miezi sita ingemfikisha mwisho wa Aprili, na mitihani ilikuwa Juni.

Afisa alishangaa kidogo. "Wengi huandika mwaka, aya. Sita ina sababu gani?"

"Sababu ni yangu. Mwezi wa nne nitakuja tena, nikitaka. Nitakuwa nimeshajua habari zangu."

Akapewa kalamu. Alikuwa ameishia darasa la saba, na jina lake aliliandika herufi kwa herufi, kila moja akiipa muda wake, foleni nzima ikimngoja nyuma. Muhuri ukagongwa. Afisa akakunjua karatasi, akaipuliza wino ukauke, akampa.

Nje palikuwa na jua la baridi. Hosiyat alisimama kwenye ngazi, akaisoma karatasi ile kimoyomoyo, midomo ikicheza. Juu palikuwa na jina lake. Chini yake palikuwa na jina la yule binti, limeandikwa kwa herufi kubwa.

"Chumba cha Elyor nimekifunga," alimwambia Anuja. "Utalala kile kidogo cha kando ya jiko. Kina joto. Taa zako za kwenu washa uani, si ndani, mapazia yangu ni mapya."

"Ndiyo, hola."

"Na jioni utanisaidia kujaza machupa. Jemu limekolea."

"Ndiyo, hola." Anuja akanyoosha mkono apokee karatasi yake.

Hosiyat hakumpa. Aliikunja mara mbili, akaiingiza kwenye mkoba pamoja na hati za nyumba, akafunga zipu. Mukaddas alifungua mdomo aseme kwamba kwa sheria mwanafunzi anatakiwa atembee nayo mwenyewe, kisha akaona afadhali baadaye amwombe wapige nakala moja dukani, bila mabishano.

"Hii inakaa kwangu," Hosiyat alisema, ameshaanza kushuka ngazi. "Wewe unasafisha mno."